Miaka ya Koko



Jumapili moja ya msimu wa mvua, tulipomaliza mkutano wa kikundi chetu hapa Kabondo, kijana mmoja alinifuata akiwa na simu mkononi. Alinionyesha video fupi ambamo msemaji, kwa sauti ya uhakika kabisa, alitangaza kwamba mtu wa kwanza atakayeishi miaka elfu moja amekwisha kuzaliwa, na kwamba matajiri wa Marekani wanajenga maabara ambamo kifo kitashindwa kama ndui ilivyoshindwa. “Mama, hayo ni ya kweli?” aliniuliza. Nilimwambia tutazungumza juma lijalo.

Usiku wa siku ileile tulikwenda kukesha katika matanga ya mtoto wa miaka miwili aliyekufa kwa homa. Chini ya turubai, kati ya wimbo na wimbo, niliwasikia vijana wakinong’ona juu ya koko wa nyumba ya pili, yaani bibi kizee kama tunavyosema hapa Kisangani. Mwanamke huyo amepita miaka 80. Amemzika mume, amezika watoto wake watatu, na sasa anaona jeneza dogo la jirani likipita mbele ya mlango wake, naye bado yupo. “Anakula miaka ya watoto,” mmoja akasema, na hakuna aliyempinga. Mwenye video alikuwa amekaa pamoja nao. Nami sikusema neno. Makala haya ninayaandika kwa sehemu kwa sababu ya ukimya wangu wa usiku ule.

Nilipofika nyumbani nilitambua kwamba maneno yale mawili, ya mchana na ya usiku, yametoka katika wazo moja. Yote mawili yanaona miaka ya kuishi kama unga ndani ya gunia: mwenye nguvu aweza kujilimbikizia, mwenye hila aweza kuiba. Msemaji wa video anasema matajiri wataununua unga huo wote. Wanong’onaji wa matangani wanasema koko ameuiba. Naamini wote wamekosea, na kwamba kosa la pili linaweza kuua mtu katika mtaa wetu kabla ya mwisho wa mwaka. Ili kulionyesha, sina budi kueleza kidogo jinsi mwili wa mwanadamu unavyozeeka, nami nitaanza na mtu aliyefika katika mji wetu huu, ambaye wengi wenu hamjapata kusikia jina lake.

Mnamo Januari 2000, Kisangani ikiwa imekaliwa na majeshi mawili ya kigeni, alifika Mwingereza mwenye nywele nyeupe, William Donald Hamilton, profesa wa Oxford. Aliandamana na vijana wawili wa Kanada, Michael Worobey na Jeffrey Joy. Waliingia msituni kutafuta kinyesi na mkojo wa sokwe. Sababu yake ilikuwa hii: katika miaka ya 1950, mji wetu ulipoitwa bado Stanleyville, maabara ya hapa ilishirikiana na daktari Hilary Koprowski, mkuu wa taasisi ya Wistar ya Philadelphia, katika kujaribu chanjo ya polio, na sokwe wengi walifungiwa katika kambi ya Lindi, si mbali na mji. Mwaka 1999 mwandishi Edward Hooper alitoa kitabu kilichodai kwamba chanjo ile ndiyo iliyoleta UKIMWI. Hamilton alitaka dai hilo lipimwe kwa ushahidi badala ya kuzimwa kwa dharau. Jibu lilipatikana mwaka 2004, Worobey na wenzake walipoonyesha kwamba virusi vya sokwe wa misitu ya upande huu ni tawi jingine, lililo mbali na virusi vya UKIMWI. Dai likaanguka.

Hamilton hakuliona jibu hilo. Alirudi London akiwa na malaria, akalazwa, akavuja damu tumboni, na tarehe 7 Machi 2000 akafariki akiwa na umri wa miaka 63. Miezi mitatu baadaye, kati ya tarehe 5 na 10 Juni, majeshi yale mawili yalipigana humu humu mjini kwa siku sita, na zaidi ya raia 700 wakafa. Wazazi wenu wanazikumbuka siku hizo kuliko mimi ninavyoweza kuzisimulia.

Lakini kwa nini nimemtaja mtu huyu katika habari za uzee? Kwa sababu Hamilton ndiye aliyeandika mwaka 1966 mojawapo ya maelezo yenye nguvu zaidi ya swali ambalo kila mtoto huuliza mbele ya mikono iliyokunjamana ya bibi yake: kwa nini tunazeeka? Waingereza na Wamarekani kadhaa walikuwa wamemtangulia, hasa Peter Medawar mwaka 1952 na George Williams mwaka 1957. Yeye aliliweka wazo lao katika hesabu.

Wazo lenyewe si gumu. Viumbe hurithishana jeni, yaani maagizo ya ujenzi wa mwili. Jeni inayomuua msichana wa miaka 10 hufa pamoja naye, kwa kuwa hajazaa. Jeni inayoanza kudhuru mtu akiwa na miaka 70 imekwisha kupita kwa watoto na wajukuu, na hakuna kitu cha kuizuia. Hivyo, kizazi baada ya kizazi, madhara ya ujana yanachujwa vikali, na madhara ya uzeeni yanapita katika chujio lenye matundu makubwa. Hakuna aliyeupangia mwili siku ya kuharibika. Chujio ndilo linalolegea kadiri umri unavyosonga. (Kijana Mkatoliki asiogope habari za mageuko ya viumbe: mwaka 1996 Baba Mtakatifu Yohane Paulo II aliwaandikia wanasayansi wa Chuo cha Kipapa kwamba nadharia hiyo imekuwa zaidi ya dhana tupu.)

Mtaalamu Thomas Kirkwood aliongeza jambo mwaka 1977, nalo nitalieleza kwa toleka, kwa kuwa wengi wetu tumebebwa na baiskeli hizo. Mwenye toleka anajua kwamba mashimo ya barabara, mwizi au lori vitaimaliza baiskeli yake ndani ya miaka michache. Je, ataweka fedha zake zote katika fremu ya kudumu miaka hamsini? Hataweka. Ataweka za kutosha ili baiskeli ifanye kazi leo, zinazobaki atalisha watoto. Mwili nao hugawa nguvu zake hivyo: sehemu kwa matengenezo, sehemu kwa uzazi. Matengenezo hayakosekani kabisa, ila hayatoshi kudumu milele.

Mkitaka ushahidi, tazameni viumbe wa nyumbani. Panya hula vizuri, hujificha vizuri, na bado huishi miaka michache tu hata ukimfuga bila paka. Kasuku wa misitu yetu, yule wa kijivu mwenye mkia mwekundu, si mkubwa sana kuliko panya, lakini akitunzwa hupita miaka 40. Popo mdogo naye huishi miaka mingi kuliko panya wa uzito wake. Wenye mabawa huponyoka maadui, na kwao matengenezo ya mwili yalileta faida. Panya aliyeliwa mapema katika vizazi maelfu hakuwa na faida ya kujengwa imara. Sasa niambieni, kasuku ameiba miaka ya nani?

Katika taasisi ileile ya Wistar iliyotuletea chanjo ya polio, mtaalamu kijana aitwaye Leonard Hayflick alifanya kazi ya kukuza seli za binadamu katika chupa. Wakati huo wataalamu wengi waliamini kwamba seli zikilishwa vizuri zitagawanyika bila mwisho. Imani hiyo ilitoka kwa Mfaransa Alexis Carrel, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1912, ambaye maabara yake ya New York ilidai kutunza hai seli za moyo wa kifaranga tangu 1912 hadi 1946, miaka miwili baada ya yeye mwenyewe kufa. Carrel anatajwa mara nyingi katika vijitabu vyetu vya ibada, kwa kuwa mwaka 1902 alishuhudia huko Lourdes kupona kwa msichana mgonjwa. Husahauliwa, naomba nilitaje, kwamba kitabu chake cha mwaka 1935 kilipendekeza wahalifu wa aina fulani wauawe kwa gesi. Mtu anayeota uhai usiokoma si lazima awe ameuheshimu uhai wa kila mtu.

Mwaka 1961 Hayflick na mwenzake Paul Moorhead walichapisha kwamba Carrel alikosea. Seli za kawaida za binadamu hugawanyika takriban mara 50, kisha husimama. Hazifi papo hapo. Zinakaa, zimechoka, hazizai tena. Baadaye ilijulikana kwamba ncha za kromosomu, ziitwazo telomea, hupungua kila seli inapogawanyika, kama kamba ambayo kila ikikatwa hubaki fupi. Ugunduzi wa jinsi ncha hizo zinavyolindwa uliwapatia Elizabeth Blackburn, Carol Greider na Jack Szostak Tuzo ya Nobel mwaka 2009. Hata hivyo msidhani uzee wote umo katika ncha hizo. Panya wa maabara wana telomea ndefu kuliko zetu na hawafiki miaka minne. Uharibifu huingia kwa milango mingi: makosa katika jeni, protini zilizopinda, seli zilizochoka zinazoudhi jirani zake, damu inayopoteza askari wake.

Kuna hata hivyo seli za binadamu ambazo hazifi. Mwaka 1951, mwanamke mweusi wa Marekani, Henrietta Lacks, alifariki Baltimore akiwa na miaka 31, mama wa watoto watano. Seli za uvimbe wake, zilizochukuliwa bila yeye kuombwa ruhusa, zinaendelea kugawanyika katika maabara za dunia nzima hadi leo, na ziliwasaidia watafiti wa chanjo ya polio. Seli hizo zilikuwa za kansa. Ndizo zilizomuua. Mwili mzima hudumu kwa sababu seli zake moja moja hukubali kikomo; seli inayokataa kikomo huishi kwa kuumaliza mwili uliomzaa mwenyewe. Hii ni biolojia, wala sihitaji kuifanya mahubiri.

Basi, vipi ahadi ya video? Nitasema kwa haki. Utafiti upo, na ni wa kweli. Mwaka 2006 Mjapani Shinya Yamanaka alionyesha namna ya kuirudisha seli iliyokomaa katika hali ya utoto. Mwaka 2009 wataalamu wa Marekani walionyesha kwamba panya waliopewa dawa iitwayo rapamaisini, hata walipoanzishiwa wakiwa wameingia uzeeni, waliongeza maisha yao kwa kiasi cha sehemu moja ya kumi hivi. Google ilianzisha kampuni ya kuchunguza uzee mwaka 2013. Nyingine, Altos, ilianza mwaka 2022 ikiwa na dola bilioni 3. Siwadharau. Mimi nimepita hamsini, magoti yangu yananiambia hali ya hewa kabla ya redio, na dawa ya kunipa miaka 20 ya kutembea vizuri ningeipokea kwa shukrani. Kanisa halijapata kukataza dawa kwa sababu inarefusha maisha.

Lakini kati ya dawa hiyo na kutokufa pana mto mpana kuliko huu wetu. Mtu aliyeishi miaka mingi kuliko wote waliothibitishwa ni Jeanne Calment wa Arles, Ufaransa, aliyefariki mwaka 1997 akiwa na miaka 122. Tangu hapo hakuna aliyemfikia, ingawa idadi ya wazee duniani imeongezeka sana. Na hata kama uzee ungeondolewa kabisa, asiyezeeka si asiyekufa. Baleinie itazama, pikipiki itagonga lori, kombora litaangukia nyumba. Hamilton hakufa kwa uzee alioueleza kwa ufasaha vile. Vivyo hivyo waliokufa Juni 2000.

Naomba tuitazame ahadi hiyo tukiwa tumesimama hapa Kabondo. Katika nchi yetu, kati ya watoto 100 wanaozaliwa, zaidi ya 7 hawafiki miaka mitano. Wastani wa maisha ni karibu miaka 60, ilhali Wajapani wanafika 84. Wastani huo usiwadanganye: hauna maana kwamba Mkongo huanza kuzeeka mapema na kufa akiwa na miaka 60. Makaburi ya watoto ndiyo yanayoushusha. Mwenye kuvuka utoto, uzazi na vita hufika uzee kama watu wengine wa dunia. Dawa za kuzuia UKIMWI zilionyesha nguvu yake Ulaya na Marekani mwaka 1996. Tulizisubiri miaka, na ndugu zetu walikufa zikiwa zinajulikana. Yule atakayetangaza kidonge cha miaka elfu atueleze kwanza kitapita barabara gani kufika kwenye kituo chetu cha afya, ambacho hata vipimo vya malaria huisha kabla ya mwezi kwisha.

Sasa narudi matangani.

Mtoto wa miaka miwili anaumwa na mbu na kufa; koko wa miaka 80 anaumwa na mbu yuleyule na kuamka asubuhi akatwanga pondu. Familia inauliza kwa nini, na swali hilo ni la haki kabisa. Jibu ni kwamba mtu anayeugua malaria tena na tena na kupona hujenga kinga, isiyokamilika, lakini inayotosha kumzuia asife. Kinga hiyo huhitaji miaka kadhaa ya utoto ili ijengeke, na ndiyo maana mauti huwakuta wengi kabla ya umri wa miaka mitano. Koko alikwisha kuilipia kinga yake katika homa za utotoni, karibu na watoto wenziwe ambao hawakuamka. Profesa wa Oxford, aliyetoka katika nchi isiyo na malaria, hakuwa nayo. Mwili wa koko una nguvu kuliko ule wa profesa katika jambo hilo moja, na hakuna giza lolote ndani yake.

Tena wanasema: ana macho mekundu. Mwanamke aliyepika kwa kuni na makala ndani ya chumba kisicho na dirisha tangu utoto wake atakuwa na macho ya namna gani? Wanasema: mgongo umepinda kama wa mtu anayeinamia siri. Mifupa ya mwanamke hupungua uzito baada ya hedhi kukoma, pingili za uti wa mgongo hubonyea moja baada ya nyingine, na mgongo hupinda bila yeye kuanguka hata siku moja. Wanasema: hutembea usiku, huzungumza peke yake, humwita kwa jina mtu aliyekwisha kufa. Ugonjwa wa kusahau unaowapata wazee hugeuza usiku kuwa mchana na kuleta karibu watu wa zamani, huku ukiwasahaulisha wa leo. Ishara zote ambazo mtaa huzihesabu dhidi yake ni ishara za mwili ambao chujio la Hamilton limeuachia. Daktari angezitambua katika dakika kumi. Mtaa wetu unaona uchawi kwa kuwa haukupata kumwona daktari.

Nami nasema zaidi. Wale waliochunguza kwa makini swali la kwa nini wanawake huendelea kuishi miaka mingi baada ya kukoma kuzaa, jambo ambalo ni nadra mno kati ya wanyama, walifikia jibu ambalo lingewashangaza wanong’onaji. Hamilton mwenyewe aliligusia mwaka 1966. Lilipata nguvu miaka ya 1980 na 1990, Kristen Hawkes na wenzake walipokaa na Wahadza karibu na Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania. Waliwakuta bibi wenye miaka sitini na zaidi wakichimba viazi vya porini kwa saa nyingi kuliko binti zao. Walipowapima watoto uzito, waliona kwamba mama anapojifungua na kushughulika na kichanga, mtoto aliyeachishwa ziwa hunenepa au kukonda kulingana na kazi ya bibi yake. Kisha mwaka 2004 Mirkka Lahdenperä na wenzake walifungua kumbukumbu za ubatizo, ndoa na mazishi za zamani za Finland na za Kanada. Humo walikuta kwamba kila miaka kumi aliyoishi mwanamke baada ya kutimiza hamsini iliambatana na wajukuu wawili zaidi. Vitabu vya parokia, vijana wangu, vilivyoandikwa na mapadre na wachungaji ambao hawakufikiria sayansi hata kidogo!

Kwa hiyo, kama uzee wa bibi umo katika umbile letu, umo kwa kuwa watoto walipona mikononi mwake. Wajukuu wa mabibi waliodumu ndio waliobaki na kutuzaa sisi. Mnaposema koko anakula miaka ya watoto, mnalipindua jambo hilo juu chini: miaka yake ilikuwa chakula chao. Uliza tu Kabondo nzima ni nani anayelea watoto wa mama anayeuza sokoni toka alfajiri, na wa baba aliyekwenda machimboni asirudi.

Hapa ndipo ninapoona tofauti kati ya miaka ya video na miaka tunayoitumaini sisi. Baba Mtakatifu Benedikto XVI, katika waraka wake wa mwaka 2007 juu ya matumaini, aliuliza waziwazi kama kweli tunataka kuishi milele, maana kuyaendeleza tu maisha haya bila kikomo kungekuwa mzigo kuliko zawadi. Katika mahubiri ya Mkesha wa Pasaka mwaka 2010 alirudia jambo hilo: dawa ya kuondoa kifo ingeijaza dunia wazee, na vijana wangekosa nafasi. Nikiri kwamba hoja hiyo ya pili hainiridhishi kikamilifu. Wazee wa Kabondo hawajajaza mahali popote, na anayezisema kwa haraka anaweza kuwapa wenye chuki kisingizio. Ila swali la kwanza linabaki. Mwenye heri Anuarite aliuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964, hajatimiza miaka 25. Tunamwomba atuombee, wala hatusemi maisha yake yalikuwa pungufu kwa miaka 97 ikilinganishwa na ya Calment. Uzima wa milele tunaoukiri katika Imani ni uzima wa namna nyingine, si mkanda mrefu zaidi wa siku hizihizi. Anayengoja uzima huo anaweza kuitoa miaka yake kwa wengine bila kuogopa kwamba gunia litaisha.

Nawakumbusha pia kwamba Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, ibara ya 49, inawapa wazee haki ya ulinzi maalumu, na sheria ya mwaka 2009 ya ulinzi wa mtoto inaadhibu kumsingizia mtoto uchawi. Nilitamani kuona sheria yenye makali kama hayo kwa ajili ya koko. Hadi itakapokuja, makali yapo kwenu: siku nyingine mtu akinong’ona chini ya turubai, kijana mmoja aseme kwa sauti, “Hapana, si kweli.” Ningetaka awe kijana. Sisi watu wazima tukisema, wanadhani tunajitetea.

Jumanne baada ya mazishi nilikwenda kwa koko yule, na mwenye video nilikwenda naye. Hakutaka sana, lakini alikuja. Koko alikuwa ameketi kwenye kigoda kando ya mbabula ndani ya chumba, moshi umejaa hadi mlangoni. Alimshika kijana mkono, akaupapasa, akauliza ni mtoto wa nani. Alipoambiwa jina la bibi yake, alicheka, akaanza kutueleza jinsi walivyokimbilia msituni wawili hao wakati wa uasi wa mwaka 1964, kila mmoja na mtoto mgongoni, na jinsi walivyobadilishana kunyonyesha maziwa ya mmoja yalipokauka. Mtoto mmojawapo alikuwa baba wa kijana huyu. Kijana hakuwa amewahi kusikia habari hiyo nyumbani kwao. Alikaa kimya kitambo, kisha akauliza kama anaweza kurudi Jumamosi.

Tangu hapo kikundi kimegawana wazee saba wa mtaa, vijana wawili wawili. Mbabula ya koko tumeihamishia barazani, chini ya bati alilolitoa jirani. Macho yake yamepungua wekundu. La kushoto lina mtoto wa jicho, na bado tunaulizia ni hospitali gani mjini yenye daktari wa kulipasua na kwa bei gani. Anayejua atuarifu baada ya Misa.